Kidole Gumba cha Orville

Orville Haugen alizoea kula kwenye kaunta ya mgahawa. Mezani kuna kiti cha pili, na tangu mkewe Lorna afariki kiti hicho hakivumiliki. Zamani kila jioni alimpigia simu: leo nimemwona kijana fulani, ana miguu, hana kichwa. Sasa alitazama, akaandika, akawasha gari. Wanaoionea wivu kazi ya kusaka vipaji vya futiboli ya Kimarekani hawajalala moteli siku mia mbili kwa mwaka.

Asubuhi hiyo ya Machi, Dakota Kusini, theluji ilikuwa bado imerundikwa kando ya uwanja. Wasakaji wa timu nyingine hawakutokea. Nani asafiri hadi chuo kidogo vile kwa ajili ya mbeba mpira mmoja? Tavaris Bledsoe angepata nafasi kwenye ligi ya kulipwa kwa kalamu ya Orville au asingepata kabisa.

Na Orville alimpenda. Kwenye mikanda ya video alimwona akikimbia na mpira, sawa, wapo wengi. Kilichomkuna ni pale mpira ulipokuwa kwa mrushaji: Tavaris alisimama mbele yake, akapokea kifuani jitu la ratili mia mbili sitini lililotaka kumwangusha mrushaji, na hakurudi nyuma. Lakini ofisini husoma kwanza muda wa mbio za yadi arobaini. Ukizidi sekunde nne nukta tano, ripoti haifunguliwi.

Kijana alichomoka. Orville akabonyeza saa ya kupimia mbio, na kijana alipomaliza akabonyeza tena. Nne nukta nne tatu! Furaha ilimpanda hadi akatamani kumpigia Lorna.

Dale, mzee mtunza vifaa wa chuo, alikuwa na saa yake. "Nne nukta tano nane."

"Saa yako imekula chumvi nyingi, Dale."

"Saa ya juzi hii, mzee mwenzangu. Kilichokula chumvi ni hicho kidole chako. Kijana keshaondoka, wewe bado unawaza."

Orville alicheka, kisha akaenda kujifungia garini. Akawasha taa ya kukatia kona, akaibonyezea saa kila ilipowaka. Mara kumi alijaribu, mara kumi alichelewa.

Tangu lini? Aliwakumbuka vijana wa misimu miwili iliyopita, wote aliowaandikia wepesi. Watatu walirudishwa makwao wiki ya kwanza kwa kuwa wazito, naye akaandika kwamba walibweteka. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Akarudi uwanjani kwa Tavaris. "Una pumzi ya kukimbia tena?"

"Kwani ile ina nini, kocha?"

Orville alimkabidhi Dale saa. Nne nukta tano saba.

"Ile ya kwanza ilikuwa yangu, mwanangu. Hii ndiyo yako."

"Inatosha?"

"Haitoshi."

Tavaris alimkazia macho. "Si ungeandika ile tu, ukanyamaza?"

"Ungefika kule ukapimwa na watu kumi wenye saa, ukarudishwa kabla hujajua choo kiko wapi. Wenzako nimeshawafanyia hivyo."

Kijana aliokota koti lake, akaondoka bila kuaga. Orville hakumlaumu.

Alichukua saa yake kwa Dale, na garini akampigia mkubwa wake, Gil.

"Tano saba?" Gil aliguna. "Orv, hiyo hata siifungui."

"Ifungue. Tazama anavyomkinga mrushaji. Kwa miguu ningeweza kukudanganya, nilikuwa na nne nukta nne hapa mkononi. Kidole changu kimekwisha, Gil. Wale watatu hawakubweteka. Niliwapima vibaya, kisha nikawasingizia."

"Mtu anayejichongea hivi, siwezi kukataa mkanda wake. Tuma. Nitautazama leo mwenyewe."

"Asante."

"Ila hilo la kidole, Orv. Umemwambia nani mwingine?"

Orville aligeuka akatazama kiti cha abiria, palipolala saa.

"Sina mwingine wa kumwambia," alisema.