Mbuzi wa Yowe

Nikiukumbuka mji wa Mugumu, kinachonijia kwanza ni fremu ya picha. Mama mmoja alikuja nayo ofisini kutoka upande wa Tarime, mpya, bado ina ile karatasi ya maua ya dukani, akitaka atiliwe humo picha ya mwanawe. Picha hiyo ilikuwa moja tu duniani, na aliyekabidhiwa kuitunza nilikuwa mimi. Watu husema kompyuta ilikosea. Sipendi kabisa kusikia hivyo. Mashine yetu ilisema, ikarudia, ikasema tena. Mimi ndiye niliyeifunga mdomo, na niliifunga kwa sababu ya mbuzi.

Ilikuwa miaka ya dhahabu. Upande wa Tarime mgodi ulikuwa unapanuka, na wachimbaji wadogo walikuwa wametoboa vilima kila mahali. Hata walimu waliacha chaki wakashika nyundo. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko, na tulikuwa watu watano. Tulipewa kazi ya kuorodhesha kaya za vijiji ambavyo vingehamishwa: nani anaishi wapi, ana nyumba gani, makaburi yako upande upi, miti ipi ni yake. Kila kaya ilipigwa pia picha moja, watu wote wa boma wamesimama mbele ya nyumba. Wenzangu walizunguka vijijini na kamera. Mimi nilibaki na seva, ile kompyuta kubwa iliyobeba orodha na picha zote, ndani ya chumba kilichowahi kuwa stoo ya ngozi za ng'ombe. Mvua ikinyesha, harufu ya ngozi ilirudi.

Seva ilikuwa na programu mbili za kuilinda. Ya kwanza iliichungulia muda wote kutoka nje, kupitia mtandao, na ikiona kasoro ilituma ujumbe kwenye simu zetu sote. Ya pili ilikuwa ya bakapu: kila siku saa kumi jioni nilichomeka diski ya pembeni, programu ikafuta nakala ya jana na kunakili kila kitu upya humo, kisha nikaichomoa na kuifungia kabatini. Hiyo ya kuchungulia ndiyo iliyonitesa. Umeme wa Mugumu siku hizo ulikuwa wa kubahatisha, na kila ulipoyumba simu zililia. Diski imepata joto, simu zinalia. Mtandao umekatika dakika moja, zinalia tena.

Siku moja mchana ujumbe ukaingia: seva haipatikani. Mkuu wetu alikuwa Issenye, kwenye mazungumzo ya mahari ya binti wa kaka yake. Aliwaacha wazee wameketi, akarukia bodaboda. Mwenzangu mwingine alitoka mbio msibani Morotonga. Mimi nilikuwa mnadani, mbali na mji, nikaacha hata chenji. Tulikutana mlangoni tukitweta, tukamkuta dada wa usafi amechomoa waya wa seva ili achomeke birika. Chai ilikuwa tayari.

Mlinzi wetu alikuwa mzee wa Kikurya, mtu wa maneno machache. Alituangalia mmoja mmoja.

"Mura, nani amepiga yowe?" akaniuliza, kama Mkurya anavyomwita kijana.

"Mashine, mzee."

"Mashine haina mdomo. Nani ameifundisha kulia?"

"Ni mimi."

"Basi utalipa."

Kwetu Wakurya yowe si mchezo. Likipigwa, kila mwanaume huacha alichoshika akakimbilia lilikotoka, maana huenda ng'ombe wameibwa na kila dakika ina thamani. Anayelipiga bure huitwa kwenye ritongo, baraza la wazee, akatozwa. Mkuu wetu, ambaye bado alikuwa na hasira za ukweni, aliona hilo ni wazo zuri sana. Wakaketi pale pale uani, wakanisikiliza, wakanihukumu mbuzi. Tulimchoma Jumamosi nyuma ya stoo. Walikula huku wakiniita Yowe, na jina likanasa. Nilicheka nao, lakini niliumia. Mtu mzima, mtoto wa watu, kuambiwa anakimbiza wanaume bure! Nyama yenyewe sikuisikia ladha.

Jumatatu nilikaa kwenye kompyuta nikazima maonyo yote, ya programu zote mbili. Niliacha kosa moja tu litume ujumbe: seva ikifa kabisa. Simu zikanyamaza. Kwenye kioo taa ya kijani ikawaka asubuhi hadi jioni, na mzee mlinzi akanisifu.

"Sasa umekuwa mtu," alisema. "Yowe hulipigi mpaka uone nyayo."

Nilifurahi kusifiwa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi hadi leo.

Muda si mrefu picha zilijaza diski ya seva. Niliongeza diski ya pili, nikazihamishia huko, nikajipongeza kwa kazi safi. Sikuiambia programu ya bakapu kwamba picha zimehama. Basi kila jioni ikawa inakwenda kwenye folda ya zamani, inaikuta tupu, inaandika onyo, inamaliza. Kwenye kioo ilitokea "imekamilika", na chini yake, kwa maandishi madogo, "pamoja na maonyo". Nilisoma neno la kwanza nikaenda nyumbani. Kamera zilipojaa, wenzangu waliniuliza kama wafute kadi zao wazitumie tena. Nikawaambia futeni, kila kitu kiko salama.

Masika yalipoingia, radi ilipiga nguzo ya umeme karibu na soko. Nilifika nikakuta moshi na ile harufu ya ngozi. Diski zote mbili za seva zilikuwa zimekufa. Mkuu alishika kichwa, nami nikamtuliza, tena kwa maringo. Nikafungua kabati, nikatoa diski ya bakapu, nikaazima kompyuta, nikaanza kurudisha. Majina yalirudi yote. Makaburi yalirudi, na miti. Kisha nikafungua picha ya kwanza nikaona kiboksi cheupe chenye msalaba mwekundu. Ya pili hivyo hivyo. Nilibadilisha waya. Nikakagua ruhusa za kusoma faili, nikafuta programu nikaipakia upya, nikajaribu kompyuta nyingine. Siku nzima nilitafuta kosa kwenye mashine. Mwisho nikafungua ripoti za programu yenyewe, ambazo sikuwa nimezigusa tangu siku ya mbuzi. Miezi mitano. Kila siku saa kumi jioni, mstari ule ule, kwa upole ule ule: folda ni tupu, hakuna picha iliyonakiliwa.

Diski zilizoungua tulizipeleka kwa fundi Mwanza. Zikarudi kama zilivyokwenda. Mkuu wetu alisema orodha ipo, na orodha ndiyo iliyotakiwa, hizo picha nani atazidai? Hakunifukuza. Hata kunikaripia hakunikaripia. Niliwasha maonyo yote upya, simu zikalia kutwa, na safari hii hakuna aliyenidai mbuzi.

Ndipo akaja yule mama, mwembamba, na vumbi la basi miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ile picha. Walitupiga hapo kwa mlango, mimi na watoto. Kijana yangu alisimama huku." Akagusa bega lake la kulia. "Huyo ameliwa na duara mwezi uliopita. Sina picha yake ingine."

Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Siku hizo hapakupita juma bila kusikia moja limeporomoka. Akatoa fremu kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka juu ya meza yangu, akaifuta kwa ncha ya khanga. Nilitafuta kaya yake. Ikatokea: mjane, watoto watano, makaburi mawili nyuma ya nyumba, mipera mitatu. Chini yake, kiboksi cheupe. Aliinama akakitazama muda mrefu.

"Ni hii?"

"Hapana, mama. Imepotea. Radi ilipiga mashine."

Akatikisa kichwa polepole. "Radi ni ya Mungu," alisema, na nikaona ananisamehe. Ningeweza kunyamaza pale. Alikuwa tayari anainua mfuko wake.

"Si radi, mama," nikasema. "Kulikuwa na nakala nyingine, ikaharibika mikononi mwangu. Mashine ilinionya kila siku, miezi mitano. Nilikuwa nimeizima isipige kelele."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuchekwa."

Nje, dada wa usafi alikuwa anafagia, na mzee mlinzi alikuwa amesimama mlangoni akisikia kila neno.

"Pale kwa duara," mama akasema, "wale walikuwa juu walisikia magogo ya kushikilia shimo yanalia. Asubuhi yote yanalia. Mmoja aliniambia mwenyewe, msibani. Nikamuuliza, mbona hukupiga yowe? Akasema alikuwa anangoja aone kwanza. Watu wasimcheke."

Mzee mlinzi aliondoka mlangoni. Mama alirudisha fremu kwenye mfuko pamoja na maua yake ya karatasi, akafunga fundo. Nilisimama nimsindikize stendi. Alipofika kizingitini akageuka.

"Lakini wewe uliiona hiyo picha?"

"Niliiona, mama. Zote zilipita kwangu."

"Alivaa shati gani? Mimi nimesahau. Alikuwa na mawili, ya buluu na ile ya mistari. Niambie tu ni gani."

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Niliziona nyumba zote zile, milango na watu wamekakamaa juani, mamia ya vijana wamesimama upande wa bega la kulia la mama zao. Nikasema sikumbuki. Lilikuwa neno la pili la kweli nililomwambia siku ile, na hilo ndilo lililomliza.