Siku Niliyomwambia Bahati Arudi kwa Ng'ombe

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa nilikuwa barazani kwangu, hapa mtaani Himbi, nikifunika madaftari mapya ya mpwa wangu Daniela kwa karatasi ya kaki. Tangu nilipoacha kufundisha, kazi hiyo ndiyo raha iliyonibakia kila mwaka wa shule unapoanza. Nakueleza hivyo, mwanangu, ili ujue kwamba sikuwa nimelitafuta lililonikuta. Mtu hushtuka zaidi linapomfika jambo huku mikono yake imo katika kazi njema.

Alibisha Bahati, muuza jibini. Tangu Pasaka alikuwa akinipitishia jibini za mviringo za Masisi, amezipanga juu ya chukudu chake, kile kigari cha mbao cha kusukuma, na kuzifunika majani ya mgomba. Ni mtu mpole, wa umri wa miaka arobaini hivi, anayesema kidogo na kusalimu sana. Siku hiyo alikuja na binti yake Mapendo, mtoto wa miaka tisa au kumi. Nilipokuwa nikiikata jibini niliyoichagua, mtoto alisogea mezani, akaweka kidole juu ya jina nililokuwa nimeliandika kwenye daftari, akaanza kulitaja herufi moja moja kwa kunong'ona. Alifika mwisho bila kukosea.

"Uko mu ya ngapi, mama?" nikamwuliza.

Baba yake ndiye aliyejibu. "Huyu hasomi, Madamu. Ile maherufi anaokotaka tu ku mifuko ya unga. Yeye ni mutu wa ngombe."

"Nani amesema hivyo?"

Bahati alicheka kidogo, kama mtu anayekumbushwa utani wa zamani. "Si ni wewe."

Kisu kilisimama katikati ya jibini. Nilimtazama usoni nisimtambue. Akanisaidia: "Ya tano primeri, Madamu Devota. Siku ya proklamasio. Mimi nilikujua tangu Pasaka. Sura imebadilika, lakini sauti ni ile ile. Hata ngombe yangu moja naiitaka Madamu."

"Kwa nini?"

"Inapiga mateke. Lakini iko na maziwa mingi, usikasirike."

Nilitaka kucheka, mwanangu, nikashindwa. Siku ile yote ilikuwa imerudi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo juzi, nimevaa viatu vyeupe nilivyovipangusa mara mbili kabla ya kufika shuleni. Unaijua proklamasio: siku ya mwisho ya mwaka, wazazi wanakaa kwenye mabenchi uani, na mwalimu anasoma majina ya darasa lake kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Aliyefaulu anapigiwa makofi na kupewa buleteni yake, ile ripoti ya alama. Katika shule yetu walioshindwa nao waliitwa, wakasimama mbele ya watu wote, eti aibu iwafundishe yale ambayo sisi hatukuweza kuwafundisha. Sikuuanzisha mtindo huo. Niliukuta, nikaupenda.

Nilipofika kwa Bahati, jua lilikuwa kali na wazazi wameanza kusinzia. Nikataka kuwachangamsha. Nikasema: "Na huyu arudi kwa ng'ombe, wao ndio watakaompa diploma." Uwanja mzima ulicheka. Sijawahi kuchekesha watu wengi kiasi kile, na naona haya kukiri kwamba nilitembea nyumbani nikiukumbuka utani wangu kwa furaha.

Ni mtu mmoja tu aliyeinuka, bibi yake Bahati, mwanamke mrefu aliyeshuka kutoka milimani kwa ajili ya siku hiyo. Hakupaza sauti. "Mwalimu," alisema, "kwetu ndama yenye kuchoka haipigwe mbele ya zingine. Tunaitangulisha mbele, na kundi yote inafuata mwendo yake. Wewe, hawa batoto unabachunga namna gani?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu kwa Kifaransa. Sentensi ndefu, nzuri, iliyonyooka, nikijua vyema kwamba hatasikia hata neno moja. Watu wakacheka tena. Akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka. Mwaka uliofuata mtoto hakurudi, nami nikadhani wamehama, kama wengi walivyohama miaka ile.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wazee walilisema hilo kabla yangu, nami nililifundisha darasani kama zoezi la imla.

Pale barazani nilimwuliza Bahati kwa nini katika miezi yote hiyo hakunitukana, au walau hakupeleka jibini zake kwa jirani. Alishangaa kweli. "Nikutukane juu ya nini, Madamu? Mwalimu alisema. Masomo haidanganyake."

Nilikuwa tayari kwa chuki, kwa maana chuki ingekuwa haki yake. Sikuwa tayari kukuta kwamba aliniamini. Mwanamke wa sokoni akikutusi, utamjibu, na jioni utasahau. Lakini neno linalotoka kwenye ngazi ya shule, mbele ya bendera na wazazi, linatoka na mhuri. Mtoto analichukua kama cheti, analihifadhi, na siku moja analirithisha. Mzaha wangu wa nusu dakika ulikuwa umekaa katika nyumba ile karibu miaka thelathini, na sasa ulikuwa umemfikia msichana ambaye sikuwahi kumtamkia neno.

Nikaanza kusema haraka haraka: nitazungumza na shule, nitamnunulia sare, nitampeleka mwenyewe. Bahati alinisikiliza kwa adabu.

"Nisimame tena mu ile kuru, mu kiwanja ya masomo, banicheke mimi na mutoto wangu? Hapana, Madamu. Nilisimama mara moja, inatosha."

Mapendo akakiondoa kidole chake juu ya daftari, polepole, kama mtu aliyefumaniwa akiiba. Kisha wakaondoka.

Mwanangu, wewe unayejiandaa kushika chaki, na wewe ambaye hutaishika lakini utakuwa mzazi kwenye benchi, nisikilize. Shule haifundishi hesabu na sarufi peke yake. Inamwambia mtoto yeye ni nani, naye anasadiki. Basi usiazime sauti ya shule kwa mzaha wako. Aliyebaki nyuma mwulize kwanza kilichombakisha. Mzee asiyejua lugha ya vitabu akikukemea, mjibu kwa lugha anayoisikia, au nyamaza. Na ukikosa mbele ya watu, usitubu chumbani. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kushika ndoo, akarudi kisimani.

Majuma manne baadaye nilimtumia Bahati barua hii kwa herufi kubwa zilizoachana:

"Papa Mapendo,

Barua hii mpe mtoto akusomee, hata ikimchukua siku tatu.

Siku ile nilisema uongo mbele ya watu. Sasa nimeuliza, nikaambiwa ulikuwa unafika umechelewa kwa sababu ulikuwa unakamua alfajiri, nami siku zile sikukuuliza hata mara moja. Mimi pia ni binti wa mfugaji. Maziwa ndiyo yaliyonisomesha, na viatu vyangu vyeupe vilikuwa vya kulificha hilo.

Jumapili ijayo baada ya ibada nitakuja kwenu Lac Vert. Waombe majirani watoe mabenchi nje, na kiti cha bibi yako kiache wazi. Safari hii nitasimama mimi. Nitalirudia neno langu, nitasema lilikuwa uongo, na anayetaka kucheka anicheke. Wewe utakaa.

Habari ya Mapendo utaamua mwenyewe baada ya hapo. Nimemwombea nafasi, na mwalimu wake amekubali kumweka benchi la mbele, ili kundi lifuate mwendo wake.

Nisalimie yule ng'ombe mwenye jina langu. Mungu aibariki nyumba yako na zizi lako, akuongezee siku, na kidole cha binti yako kisiondolewe tena juu ya herufi.

Devota"