Makadamia Nyuma ya Kibanda cha Kuni

Juzi nilikuwa Runyenjes kwa shughuli za kazi, nikapita kando ya kiwanda cha kahawa siku ambayo kahawa ilikuwa inamenywa, na ile harufu ya maganda yanayochacha ikanivaa. Mliokulia karibu na viwanda hivi mnaijua: kali, chachu, kama uji uliosahauliwa juani, na ndani yake kuna utamu fulani unaoudhi. Nilisimama barabarani kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nikarudi Nkubu, kwenye ploti ya Mzee Mbaabu, nikiwa na miaka kumi na mmoja na maswali mengi kuliko nguo.

Ploti ile ilikuwa na vyumba sita vya mbao na mabati, safu moja, juu ya mteremko unaoshuka hadi mto Thingithu. Kiwanda kilikuwa mbele kidogo, upande mto unakotoka, kwa hiyo msimu wa kahawa tulioga, tukafua na kulala ndani ya harufu hiyo. Wapangaji karibu wote walikuwa watu wa kuondoka alfajiri. Walifanya kazi Meru mjini na kurudi Nkubu kulala, kwa sababu vyumba vya mjini viliwashinda. Mama yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja huko. Alipanda kilima akiwa amevaa ndara, viatu vya kazi kwenye mfuko, akavivaa stendi.

Mzee Mbaabu alikuwa na sheria moja. Kila mpangaji aliruhusiwa kulima kipande kidogo nyuma ya chumba chake, lakini vitu vya msimu tu: sukuma wiki, maharagwe, dania. Mgomba, hapana. Mparachichi, hapana. Chochote kitakachokuwa bado kimesimama mwaka ujao, hapana. Kwetu jambo hili halikuhitaji maelezo. Mtu akipanda mti mahali, amesema pale ni pake, na siku ya ugomvi wazee watauliza kwanza nani aliupanda. Mpangaji mmoja wa zamani alikuwa amepanda migomba mitatu, na alipohama akarudi na wazee kuidai. Mzee hakuwahi kupona kutokana na migomba ile.

Mimi nilihitaji maelezo. Kwa nini sukuma haisemi kitu na mgomba unasema? Mama alinijibu kama kawaida yake: "Kendi, kula."

Mwezi wa Oktoba, mwalimu wetu wa darasa la tano aligawa miche ya makadamia, kila mtoto mmoja. "Mkapande nyumbani," alisema. "Januari nitapita boma kwa boma nione." Wenzangu walitoka wakibishana kama wataipanda upande wa juu wa kahawa au karibu na zizi. Mimi nilibaki nimekumbatia mche wangu, nikijiuliza nyumbani ni wapi. Mama alitoka Kiirua, lakini Kiirua hatukuwa tukienda. Hata Krismasi, ploti ilipobaki tupu, tulibaki sisi na kuku wa Mzee.

"Kwetu kuna kaka wanne na shamba dogo," mama alisema nilipouliza.

"Hilo ni jibu?"

"Ndilo lililopo."

Basi niliupanda nyuma ya kibanda cha kuni, mahali ambapo hakuna mtu aliyepita. Kwa wiki tatu niliunywesha maji kila jioni kwa siri kubwa. Kisha, kusema kweli, nilichoka. Januari ilipofika na jua lake, mto ukapungua hadi mawe yakaonekana migongo, sukuma za watu zikanyauka, lakini makadamia yangu ilikuwa na majani mapya. Niliona huo ni ushahidi. Mti haujali ardhi ni ya nani!

Mzee aliugundua Jumamosi moja asubuhi, akitafuta kuku aliyekuwa akificha mayai.

"Mama Kendi, toka nje! Wapangaji wote, tokeni!"

Tukatoka. Mama alikuwa tayari amevaa nguo za kazi.

"Huu mti ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Wako? Na shamba ni yako pia?"

Mama Muthomi, jirani yetu, alikuwa na povu la dawa ya meno mdomoni. "Mzee, mtoto anakutengenezea kivuli cha uzeeni, na wewe unakataa?"

"Cheka tu, Mama Muthomi. Kesho ataleta chifu hapa." Akamgeukia mama. "Mama Kendi, wewe ni mtu wa kanisa. Ulijua?"

"Sikujua, Mzee."

"Basi aliyepanda ndiye atang'oa. Hapa, mbele ya watu, kusiwe na maneno baadaye. Akikataa, mwisho wa mwezi mtafute nyumba kwingine."

"Mzee," nikamwuliza, "kwani mti unajua hii ni shamba ya nani?"

"Mti haujui. Ndio maana naongea na wewe."

Watu wakacheka. Nilimtazama mama, nikingoja anitetee hata kwa neno moja. Aliangalia ile safu ya milango, akaangalia wetu wa tatu wenye pazia la maua.

"Kendi, ng'oa."

Ulikuwa umeshika. Nilivuta hadi nikaanguka chali, na wapangaji wakacheka tena. Mizizi ilitoka na udongo mweusi, wenye maji, ukiwa umechanganyika na makapi ya majani ya chai. Niliutupa chini. Mzee akakanyaga shimo kwa gambuti zake, kisha akampa mama mayai mawili. "Sina ubaya na nyinyi," alisema. Mama akayapokea kwa mikono miwili, na mimi nikaichukia mikono ile.

Mwalimu alipouliza, nilisema mti umekauka. Akaandika hivyo na kupita.

Kwa miaka mingi, hata chuo kikuu, nilisimulia kisa hiki kama kisa cha wenye ardhi na woga wa wapangaji. Nilikisimulia vizuri. Nilihoji hatimiliki, nikahoji wazee, nikahoji mahubiri, lakini sikuwahi kuhoji ule udongo. Nani alimwaga makapi ya chai nyuma ya kibanda cha kuni? Na udongo ulipataje maji katikati ya Januari, wakati mimi nilikuwa nimeshachoka?

Mama alikuwa wa kwanza kuamka katika ploti nzima.

Mti ule tulikuwa tumeulea wawili. Mmoja alilia hadi jioni. Mwingine aliweka mayai mezani, akachukua mfuko wake wa viatu, akapanda kilima kwenda kazini.