Masikio ya Fundi Tluway

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na sare ya shule, shati nje, mdomo umejaa andazi. Tulikuwa tumetoka kufanya usafi wa Jumamosi shuleni. Nikasema, "Shikamoo Mama Shamsa," na makombo yakasalimia pamoja nami.

"Marahaba. Meza kwanza, halafu usalimie upya."

Nikameza, nikasalimia upya. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza, ambao mkiingia kibanda cha gemu mnanyakua pedi yoyote iliyo karibu, mnafungwa manne, halafu mnamlaumu kipa. Enzi zetu hatukufanya hivyo. Najua enzi zetu ni mwaka juzi. Lakini mstaafu ana haki ya kusema "enzi zetu", na mimi nimestaafu kabisa, nikiwa na miaka kumi na sita na miezi kadhaa. Mkoa wetu wa Manyara wenyewe haunizidi umri sana, na mbona mnauheshimu?

Kituo changu cha kwanza kilikuwa nyuma ya duka la Mama Shamsa la kanga na vyombo, hapa mjini karibu na stendi. Yeye ndiye aliyekuwa Mkurugenzi. Chumba kilikuwa na televisheni nne na bati lenye matundu madogo, na asubuhi jua lilishuka kwa matundu hayo kama nyuzi, likitua juu ya mashine za gemu zilizolala. Kabla wateja hawajaja palikuwa na utulivu fulani mle ndani. Vumbi lilielea polepole, nami nilijisikia kama niko chini ya ziwa, natazama juu.

Cheo changu kilikuwa Mkaguzi wa Pedi. Pedi ni kile kitu cha kushika mikononi, chenye vitufe vya kubonyeza na vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Kila Jumamosi kabla ya kufungua nilizishika zote, moja baada ya nyingine, nikiwa nimefumba macho. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Fundi Mkuu, Mzee Tluway, fundi redio wa miaka mingi ambaye Mkurugenzi alimkabidhi mashine zake zote.

"Ukifungua macho utapenda rangi," aliniambia. "Fumba. Mkono useme wenyewe."

Basi mkono ukasema. Mashine tuliziita kwa namba, jinsi zilivyofuatana kuzaliwa. Pedi ya Namba Mbili ilikuwa nyembamba, pembe zake fupi, na miaka ya viganja vya watu ilikuwa imeilainisha hadi ukiishika unaona umeshika kifaranga kilicholala. Vitufe vyake vilikuwa na msimamo: ukibonyeza, vinakubali, lakini kwanza vinakuuliza kama una uhakika. Namba Tatu ilikuwa nyepesi kupita kiasi, na vifyatuo vyake, yaani vile vitufe vya nyuma vya kidole cha shahada, vilikuwa vimebinuka nje, kidole kinateleza kama mguu kwenye tope la ukingoni mwa ziwa. Namba Nne ilikuwa na uzito wa kutosha. Pembe zake zilijaa kiganja, na kila kifyatuo kilikuwa na kibonde ambamo kidole kililala na kusahau kwamba kipo kazini. Nikiwa nimeishika hiyo, mara mbili nilisinzia kabisa.

Tulikuwa na pedi moja ya mashine ya ukoo mwingine, pana, vijiti vyake havikai sambamba, tukiiita Tumbo. Vijana wa mjini waliidharau. Lakini siku za mnada alikuja baba mmoja mfugaji kutoka nyanda za Hanang, mwenye mikono kama makasia, akashika zote akazirudisha, akashika Tumbo akatabasamu. "Hii ina mwili," alisema. Tangu hapo, siku ya mnada Tumbo hakupewa mtu mwingine.

Nilihamishiwa tawi la Maisaka kwa muhula mmoja, chini ya Meneja wa Tawi, binti yake Mkurugenzi, Dada Shamsa mwenyewe, ambaye alinikataza kuchekesha wateja kwa sababu wakicheka hawachezi. Sina zaidi la kusema juu ya kipindi kile cha giza. Niliporudi mjini nikamkuta Fundi Mkuu amebadilika.

Alikuwa anabonyeza kitufe kilichokufa, ambacho hata mbuzi angejua kimekufa, akasema, "Nzuri."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaangalia mlangoni, kisha akaniambia taratibu kwamba ganzi ilikuwa imeingia vidole vyake vyote kumi. Hospitali walimpa dawa na kumwambia avumilie. Bisibisi aliweza kuishika, maana aliiona kwa macho. Lakini kitufe kulegea au kukaza, hilo halikumfikia tena.

"Usimwambie Mama," alisema. "Mimi sijui kulima, sijui kuuza. Najua kutengeneza. Akinitoa hapa, naenda wapi?"

Nikawa vidole vyake. Nilishika mimi, akarudia kushika yeye, na mguu wangu ukamwambia chini ya meza: kugonga mara moja, mbovu, mara mbili, nzuri. Miezi mitatu hakuna aliyejua.

Hapa ndipo inabidi niseme nilichofanya.

Mwanafunzi mwenzangu Hamisi alikuwa ananifunga kila siku, na kila akinifunga anasimama juu ya benchi. Nikaamua kumtia adabu. Ijumaa jioni nikafungua pedi yake anayoipenda, ya Namba Nne, nikatoa kile kipira cha chini ya kitufe cha kupiga shuti, nikaweka bablishi niliyokwisha kuitafuna. Nilipanga ahangaike kidogo, nicheke, kisha nirudishe kipira.

Jumamosi Mkurugenzi akaingia kabla ya wateja, akaichukua pedi ileile mezani. "Tluway, hii Hamisi ananiambia ina tatizo la kijiti. Hebu ishike uniambie kama ni nzima."

Fundi akaishika, akafumba macho kama kawaida yake. Akasukuma kijiti, akabonyeza vitufe vyote, akangoja mguu wangu.

Nilijua kabisa. Nikigonga mara moja, ataifungua, bablishi itaonekana, na meno yangu yamo ndani yake kama sahihi. Nikagonga mara mbili.

"Nzuri, Mama," alisema Fundi.

Mama Shamsa akaichukua akabonyeza. Kitufe kikaingia kisirudi. Alipoinua dole gumba, uzi wa waridi ukamfuata.

"Tluway. Hii ndiyo nzuri?"

Akamtazama vidole, akatazama chini ya meza, akauona mguu wangu. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Jumamosi ijayo nitaweka pedi tano. Ukinitajia hali zake, kazi ni yako. Ukishindwa, nitatafuta fundi mwingine. Na wewe," akanigeukia, "huo mguu wako utabaki nje."

Nilimfuata Fundi hadi nyumbani kwake nikamweleza yote, hata Hamisi na benchi. Mlangoni akasema, "Ulinigongea uongo," akaingia ndani.

Jumatatu nilirudi na pedi tano nilizoazima kibandani, hakunifungulia. Jumanne nikarudi tena, na siku hiyo akanifungulia. Tukajaribu kubonyezea shavuni: alisikia kitu, ila hakujua ni kitufe au nzi. Tukajaribu mdomo, mkewe akaingia, tukaacha. Alhamisi mvua ilikuwa imekatika, bustani inatoa mvuke, nami nimekata tamaa, nikawa nabonyezabonyeza nyuma ya kichwa chake kwa utundu tu.

Akainua mkono. "Rudia."

"Nini, Fundi?"

"Nyamaza nisikie."

Nikarudia. Wadogo zangu, mtu yule alikuwa ameishi maisha yake yote ameegemeza sikio kwenye redio, akitafuta mkwaruzo mmoja katikati ya matangazo. Mimi nilikuwa na mikono, na muda wote nilisahau kwamba yeye ana masikio. Tukafumba macho wote wawili. Namba Mbili ililia kavu, kama punje ya mahindi ndani ya kikaango. Namba Nne ilitoa sauti ya tone linaloanguka kwenye mchanga. Kijiti kilichochakaa kilikwaruza kwa mbali, kama kuku anayetembea juu ya majani makavu. Tumbo alitoa sauti nzito ya mtu anayeitika usingizini. Sijui tulikaa muda gani. Mkewe alipotuita chai, ilinibidi kwanza nikumbuke jina langu.

Jumamosi Mkurugenzi akafunika pedi tano kwa kanga, mimi nikichungulia dirishani kutoka nje. Fundi akaingiza mkono, akatoa ya kwanza, akafumba macho, akaiweka sikioni. Basi likapiga honi stendi. Akatikisa kichwa. "Mama, naomba mlango ufungwe, na huko nje watulie."

Aliyetumwa kuwatuliza ni mimi. Mimi! Wateja walikuwa kumi na kitu, wamejipanga kwenye dirisha, na Hamisi akaninong'oneza, "Anampigia nani simu?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa zuri kuliko majibu yote ya maisha yangu. Nikalizuia kwa kuiuma kola ya shati hadi machozi yakatoka. Hamisi akashangaa, akanyamaza naye, na wengine wote wakanyamaza.

"Hii kijiti cha kushoto kimechakaa," Fundi alisema ndani. "Hii kifyatuo kina springi iliyolegea. Hii ni nzima. Hii imeingia maji."

Ya tano aliibonyeza muda mrefu. "Haina kosa. Ila vitufe vinanata kidogo. Imeshikwa na mtu mwenye mafuta ya andazi."

Mama Shamsa akanitazama kupitia dirishani, kisha akakunja kanga yake. "Kazi ni yako, Tluway. Na kuanzia leo, Jumamosi kabla ya kufungua, hapa ni kimya."

Nilistaafu siku hiyohiyo. Vidole vyangu havikuhitajika tena, na kazi ilikuwa sasa inataka kitu ambacho sikuzaliwa nacho. Hakukuwa na sherehe wala saa ya ukutani. Fundi alinipa mkono, akaushika wangu muda mrefu, ingawa najua hakuusikia.

Sasa Jumamosi nikitoka usafi wa shule napita nyuma ya duka na andazi langu. Kelele za stendi ziko palepale, bodaboda, makondakta, wote. Nikifika usawa wa lile dirisha, naacha kutafuna.