Kioo cha Wateja

Darasani walimwita Pasipoti. Hakukasirika, maana jina lilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Mchana alifanya kazi katika studio ndogo ya picha za vitambulisho, chumba kimoja kati ya duka la dawa na fundi viatu. Kulikuwa na kitambaa cheupe ukutani, kigoda, taa mbili na kamera juu ya miguu yake mitatu. Kando ya kitambaa kilitundikwa kioo ambacho wateja walichania nywele mbele yake. Nyuma ya mlango lilining'inia koti jeusi la kuazima, lililokwisha kuvaliwa na nusu ya mji, na kola yake ilinuka shingo za watu. Jioni alikwenda chuoni kusoma upigaji picha. Kila mtu aliyempiga picha, hata muuza mayai wa mtaani kwake, alitoka ametazama mbele, midomo imefungwa, masikio yote mawili yakionekana.

"Huyu muuza mayai anasafiri lini?" aliuliza mwanafunzi mmoja, darasa zima likacheka. Yeye naye alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akarudi nyumbani peke yake.

Chumbani kwake aliwafikiria wapiga picha wakubwa ambao mwalimu aliwaonyesha kazi zao. Majina yao yalimponyoka, kwa hiyo aliwabatiza mwenyewe. Kulikuwa na Bwana Subira, ambaye akiona ngazi nzuri alisimama hapo hadi mpita njia akanyage pale pale palipotakiwa. Kulikuwa na Pua kwa Pua, aliyewasogelea watu hadi vinyweleo vikahesabika. Mama Dirisha hakuwasha taa maishani mwake. Alimketisha mtu dirishani akaliachia jua kazi. Na kulikuwa na yule aliyempenda kuliko wote, mzee aliyempiga picha mkewe miaka nenda miaka rudi, akifua, akilala, akiugua, mpaka kikabaki kitanda kitupu.

Aliwaiga mmoja mmoja. Alisubiri kwenye ngazi za benki; mlinzi akamuuliza anamsubiri nani, naye akashuka akaenda zake. Alimsogelea mtu sokoni. Mtu akarudi nyuma. Dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani. Ama kumwiga yule mzee, Pasipoti alijua wazi kwamba kamera haikuwa na hatia. Ili upige vile, kwanza uwe na mtu anayeweza kusinzia mbele yako bila kujali.

Yeye alikuwa na mdogo wake tu. Mama yao alipofariki, haikupatikana picha yake yoyote ila ya kitambulisho. Pasipoti ndiye aliyeikuza pale studio na kuitia fremu. Waombolezaji waliipita wakinong'ona, mbona mama amenuna hivi, mwanamke aliyekuwa akicheka hadi anashika ukuta? Tangu hapo kila binti alikaa na msiba wake upande wake wa mji. Walipigiana simu, wakaulizana hali, wakajibiana nzuri.

Basi mwalimu akatoa kazi ya mwisho wa muhula, picha ya mtu wako wa karibu, asiwe mteja. Wiki ile ile mdogo wake akapiga simu kwamba amepata kazi ng'ambo ya kutunza wazee, na anahitaji picha za pasipoti. Pasipoti hakulala vizuri kwa mawazo. Mdogo wake akiondoka, asimwachie sura ya kitambulisho kama aliyoacha mama. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Siku yenyewe alifagia studio na kufungua mlango wazi ili mwanga uingie, kama angefanya Mama Dirisha. Mdogo wake aliingia akihema, bahasha kwapani, akasema ofisi inafunga saa tisa. Akavaa koti, akanusa kola.

"Dada, humu ndani wamo watu wangapi?"

Pasipoti alitaka kucheka. Lakini mikono ilikuwa imeshafika kwenye kamera, na mdomo ukatoa wenyewe yale ya kila siku: kidevu juu kidogo, nywele nyuma ya masikio, usicheke. Uso wa mdogo wake ukafungwa kama duka. Picha ilitoka safi, isiyo na kosa hata moja. Alipoitazama, aliona ile fremu ya msibani.

Alimwomba abaki kidogo. Akamsimamisha mlangoni penye mwanga, akamsogelea, akarudi nyuma, akasubiri. Mdogo wake alitupia jicho saa ya ukutani.

"Cheka basi."

"Kicheko si swichi, dada." Kisha akaongeza taratibu, "Tangu mama aondoke unanitazama kama mteja. Unaogopa nini?"

Pasipoti alisema mwanga unabadilika, akabonyeza. Mdogo wake akavua koti, akamvika yeye, akamshika mabega na kumketisha kwenye kigoda. Alisema yeye mwenyewe hana hata picha moja ya dada yake. Huko aendako wazee wakimuuliza kama ana ndugu, atawaonyesha nini, namba ya simu? Akazunguka nyuma ya kamera, akaiga ile sauti kavu ya studio.

"Kidevu juu. Masikio yote mawili. Na ukicheka, mama, hakuna safari."

Kicheko kilimtoka Pasipoti tumboni, kile cha mama, akapapasa pa kushika, akaushika ukuta. Kamera ikalia mara moja. Kisha wakakumbatiana haraka mlangoni, bahasha katikati yao, na kabla ya mwezi kuisha mdogo wake alikuwa amesafiri.

Picha ile ilikuwa imeinama. Paji la uso wa Pasipoti lilikatwa, mdomo wazi, koti limempwaya. Lakini kwa kuwa kamera ilipinda, kioo cha wateja kiliingia pembeni, na ndani yake alikuwamo mdogo wake, ameinama nyuma ya kamera, jicho moja amelifumba, meno yote nje. Ndivyo alivyotaka kubaki naye. Ila hakuipiga yeye.

Kwa hiyo alikabidhi ile ya mlangoni. Mwalimu alisifu mwanga, akauliza huyu ni nani wake, akaandika kitu, akapita. Yule mwanafunzi wa swali la muuza mayai akauliza kama na huyu naye anasafiri.

"Ameshasafiri," alisema Pasipoti. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake mchana wateja walikatika. Alisimama nyuma ya kamera, pale aliposimama mdogo wake, akaiinamisha vile vile mpaka kioo kikaingia. Ndani alikuwamo yeye, jicho moja amelifumba. Kigoda kilikuwa kitupu. Alisubiri kidogo, kama Bwana Subira, huenda mtu akapita.

Mlango ukafunguliwa. Mteja aliuliza kama koti lipo.