Siku Tisini za Watu Mia Mbili

Hasira niliyo nayo kwa baba haijapoa, na sina haraka ipoe.

Dada yake wa tumbo moja, shangazi yangu, amekaa miaka ishirini na sita kwenye meza ya maulizo ya maktaba. Hajibu kitu kwa kumbukumbu. Hata jambo analolijua kama jina lake, atakuuliza wewe kwanza: la wapi, la mwaka gani, unalitakia nini? Kisha hufungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari, usome mwenyewe. Mkuu wake anadai anapotezea watu muda, na meza ameihamishia chini ya ngazi, karibu na ndoo za usafi. Baba naye, fundi cherehani, alikuwa akimcheka: "Huyo ukimuuliza saa, atakuuliza ya ukutani au ya mkononi."

Ndipo mwenye nyumba alipomshinda kesi kwenye baraza la nyumba, baba akaamriwa ahame chumba chake cha kushonea. Chumba hicho ndicho kilichonisomesha.

"Baba, nenda kwa shangazi ujue rufaa ina siku ngapi," nilimwambia.

"Nikahojiwe kama mwizi?"

Akauliza mtandaoni, kwenye ukumbi wa maswali na majibu. Dakika tatu tu, jibu hilo: siku tisini. Watu mia mbili walikuwa wamelipigia kura. Baba akarudi kupinda suruali zake, roho kwatu. Nami, mjinga wa pili, nikanyamaza.

Siku ya arobaini na moja watu wa mwenye nyumba walikuja na kufuli. Nilimpigia shangazi, akaja mbio na kitabu cha sheria kwapani. Akaweka kidole kwenye mstari: siku thelathini. Akaomba simu ya baba, akalisoma lile jibu mpaka chini. Halikuwa la uongo. Ilikuwa sheria ya nchi nyingine kabisa. Katika watu mia mbili, hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Ndugu, uko nchi gani?"

Nilitaka kuivunja ile simu. Kuuliza si ujinga, sawa, lakini wahenga wangetuambia pia tumuulize nani!

Mlangoni yule mwenye kufuli alikuwa akitazama saa yake.

"Lakini walikuwa wengi, dada," baba alisema.

Shangazi alikuwa ameshainama, ameshika upande mmoja wa cherehani kubwa.

"Wengi kweli," alisema. "Waite basi, waje washike upande ule."