Kikombe Ambacho Bibi Hakukionja

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu kikombe kipya cha mtoto hakikutumika kabla mwenye nyumba hajakionja. Maziwa yalitiwa humo, Bibi, mama yake baba, akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni kidogo, kisha akamtemea mtoto kifuani kwa rasharasha nyembamba kama umande. Baada ya hapo ndipo mtoto aliponyweshwa. Mtoto anayenywea kikombe kisichoonjwa, alisema Bibi, ni mgeni ndani ya nyumba. Na mgeni, hata umpende vipi, huondoka.

Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu kila tunapokutana, iwe msibani au harusini, shangazi yangu Veronika husimulia habari za kikombe cha mdogo wangu, na kila mara huzisimulia vibaya. Watu hucheka, hufuta machozi, huongezewa chai. Mimi si mtu wa kubishana mbele za watu. Lakini nilikuwepo, na Shangazi hakuwepo. Wakati huo alikuwa ameshaolewa Mbulu. Naandika ilivyokuwa.

Tulikaa juu ya mji wa Karatu, mahali ambapo mashamba ya mahindi na ngano yanakoma na msitu wa Ngorongoro unaanza. Baba alikuwa mpishi katika kambi za watalii, akaja nyumbani mara chache, akinuka moshi na vitunguu, na akaondoka kabla hatujamzoea. Nyumba ilibaki na wanawake wawili. Mama alikuwa ametoka Singida akiwa msichana, amekuja kuchuma kahawa katika mashamba makubwa, na Baba akampata hukohuko. Kwa Bibi jambo hilo halikuisha. Akiwa na furaha alimwita Mama "mama Paulina", kwa jina langu. Akikasirika alimwita "mtu wa Singida", ingawa Mama alikuwa amelima shamba la Bibi miaka mingi kuliko aliyoishi Singida.

Mdogo wangu Daniel alikuwa mtoto wa tatu. Kati yangu na yeye alikuwepo Elia. Elia aliachishwa chupa akapewa kikombe wakati Bibi yuko Mbulu kwenye mazishi ya ndugu yake, hivyo kikombe hakikuonjwa. Kabla mwezi haujaisha Elia akaharisha, akafariki. Hakuna aliyemlaumu Mama kwa maneno. Bibi alipotoka Mbulu alikichukua kile kikombe, akakipeleka shambani, na hatukukiona tena. Tangu siku hiyo alikuwa na neno lake moja: Daniel atanyonya chupa mpaka aombe kikombe kwa kinywa chake mwenyewe, na kabla ya hapo yeye Bibi hataonja kikombe chochote.

Daniel hakuwa na haja ya kuomba. Alikuwa anakimbiza kuku, anawajua ng'ombe wote kwa majina, na bado chupa inaning'inia mdomoni kama sehemu ya uso wake. Aliiburuta uani, akaiacha juani, akairudia maziwa yameshaganda. Chuchu aliitafuna mpaka ikapasuka. Mama aliichemsha kila jioni, lakini tumbo la mtoto lilikuwa halitulii, na meno yake ya mbele yalianza kuwa kahawia, kisha meusi kwenye ufizi.

"Mama, mtoto meno yanaoza," Mama alimwambia Bibi siku moja wakipukuchua mahindi.

"Meno huota mengine," Bibi akajibu bila kuinua macho. "Mtoto haoti mwingine."

Nilikuwa mdogo, lakini niliona vidole vya Mama vimesimama juu ya gunzi. Yeye ndiye aliyezika, hakuhitaji kukumbushwa.

Muuguzi wa kliniki alikuwa ameshamwambia kwamba chupa ile ndiyo inayomrudishia mtoto maradhi ya tumbo, maana hata ukiichemsha, asubuhi inaburutwa tena uani. Mama hakumjibu Bibi kwa maneno ya muuguzi. Alijua yangesikika kama matusi. Alinunua kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, akakificha chini ya kanga sandukuni, na akangoja.

Asubuhi ya siku ya mnada, Bibi akiwa ameshavaa vizuri na kujifunga shuka lake, Mama akatia maziwa kwenye kile kikombe, akakileta kwa mikono miwili, akapiga goti.

Bibi akakitazama. "Unanipa chai?"

"Ni kikombe cha Daniel, Mama. Nakuomba uonje."

"Ameomba?"

"Nimemwombea mimi."

Bibi akachukua fimbo yake. "Basi mwonjee wewe," akasema, kisha akacheka kidogo, kwa sababu ilikuwa ni sawa na kumwambia kuku awike. Mke aliyeolewa hakumtemea mtoto baraka wakati mama mkwe wake yuko hai. Hilo halikuhitaji kufundishwa. Bibi akashuka njia ya mnadani.

Mama alibaki amepiga goti kwa muda. Kisha akainuka, akaichukua chupa kutoka mkononi mwa Daniel, akaiweka juu ya kabati, akaniambia, "Paulina, keti hapa. Tunaanza."

Sitasema ilikuwa rahisi. Daniel alilia mpaka majirani wakasimama kwenye ua. Alikipiga kikombe, maziwa yakanimwagikia. Alitia mkono mzima ndani, akalamba vidole, akalia tena. Mama hakumpigia kelele. Alitia maziwa kidogo, kiasi cha kulowesha kitako cha kikombe, ili yakimwagika isiwe hasara, akanionyesha namna ya kukigusisha kwenye mdomo wa chini na kungoja mtoto ayavute mwenyewe. "Usimmiminie. Atapaliwa, na atakiogopa. Mwache akifuate."

Bibi aliporudi alimkuta Daniel ameketi kizingitini, kikombe mkononi, sharubu za maziwa usoni. Akalivua shuka lake taratibu.

"Mgeni wenu amekula?" akauliza.

Tangu jioni ile hakumwita tena Daniel kwa jina. "Mgeni ameamka?" "Mpisheni mgeni apite." "Mgeni anataka ugali, msimnyime, wageni wana safari ndefu." Alisema kwa tabasamu, na kila mara Mama alijibu kwa upole uleule, "Anaitwa Daniel, Mama." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi sana, na sijawahi kusikia mtu akirudia neno dogo namna ile kwa ukaidi mkubwa namna ile.

Daniel akakizoea kikombe. Tumbo likatulia. Nilidhani tumeshinda.

Kisha baridi ikaja, ule msimu ambao ukungu wa Ngorongoro unashuka mpaka zizini na nguo hazikauki. Daniel akapata homa. Siku ya kwanza alikohoa, ya pili akawa hataki kushuka mgongoni, na asubuhi iliyofuata alilala amefumba macho, mbavu zikipanda na kushuka haraka, na kila kikombe kilipomfikia aligeuza uso. Onyo la Bibi lilikuwa limefika, limeketi katikati ya nyumba, na sote tulilitambua.

Mama Safari, jirani yetu, alikuja na uji. Akamtazama mtoto, akamvuta Mama kando. "Mwenzangu, mrudishie tu chupa yake. Kushindwa na mama mkwe si aibu, sote tumeshindwa."

Wakati huo Bibi akaingia. Hapa ndipo Shangazi anapoanza kukosea, kwa hiyo nitaenda polepole. Shangazi anasema Bibi aliingia kama malkia. Hapana. Bibi aliingia akiwa ameishika ile chupa kwa mikono miwili, ameijaza maziwa ya moto mpaka yanachuruzika kwenye chuchu. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Sikuja kusema niliwaambia," akasema. "Nimekuja kuomba. Mama Paulina, mpe. Yule mwingine namzika moyoni mpaka leo. Mpe."

Mama akanyoosha mkono, akaipokea chupa. Mama Safari akashusha pumzi. Nami nilishusha.

Mama akakifungua kifuniko. Akayamimina yale maziwa yote kwenye kikombe cha bati. Akakiinua, akapiga funda, akalishikilia mdomoni huku anamtazama Bibi machoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Kisha akainama, akamtemea Daniel kifuani. Hakujua namna ya kufanya, hakuwahi kufundishwa. Hayakuwa rasharasha. Yalikuwa maziwa mengi, yalimlowesha mtoto shingo na shati lote, na Daniel akafumbua macho kwa mshtuko.

Mama Safari alijifunika mdomo kwa kanga.

"Mwanangu si mgeni," Mama akasema. Sauti yake haikupanda. "Kazaliwa kwenye kitanda kile pale. Mgeni wa nyumba hii ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyekuja kwa miguu yangu kutoka Singida. Na bado nipo. Tazama kama nimeondoka."

Mama akamvua mtoto shati lililolowa, akamfunga mgongoni kwa kanga mbili, akatoka kuelekea zahanati. Mimi nilimfuata na kikombe. Hakuniambia nikibebe. Nilikibeba tu.

Zahanati walisema ni kifua, akachomwa sindano, tukakaa pale kwenye benchi mpaka jua likainama. Homa ilipolegea kidogo Daniel akaomba maji. Nilimpa kwa kikombe kile, nikakigusisha kwenye mdomo wa chini, nikangoja. Akayavuta mwenyewe.

Tuliporudi Bibi alikuwa amesimama njiani, mbali na nyumba kuliko alivyozoea kutembea. Akamgusa mtoto mguu, akaukuta una joto la kawaida. Tukaingia sote. Kesho yake tu, Mama akiosha vyombo, Bibi akasema kutoka kwenye kigoda chake:

"Uliyatema mengi mno. Mtu hubariki, haogeshi."

"Sikufundishwa, Mama," Mama akajibu.

"Nimeona."

Ni hayo tu yaliyosemwa. Shangazi anasimulia kwamba Bibi alikipokea kikombe, akakionja, akamtemea mtoto, na homa ikashuka palepale. Bibi hakukionja kikombe kile mpaka alipokufa. Wala hakuacha kumwita Daniel Mgeni; ila baada ya siku ile alimwita kama mtu anavyoita jina, na mtaa mzima ukalichukua. Leo Daniel ni dereva wa watalii, na nusu ya Karatu haijui kama ana jina jingine.

Binamu zangu vijana nao wana hadithi yao: kwamba Bibi alikuwa mwanamke wa giza, na Mama akamshinda kwa elimu ya kliniki. Hiyo nayo naikataa. Mama aliyatema maziwa. Angeweza kwenda zahanati bila kufanya hivyo, na mtoto angechomwa sindano ileile. Aliyatema kwa sababu naye aliamini kwamba mtoto anahitaji kuambiwa na mwenye nyumba kuwa yupo kwake. Alichokataa ni kuambiwa kwamba mwenye nyumba si yeye.

Juzijuzi Mgeni alitualika. Mwanawe ameanza kutembea na chupa, na mkewe, Neema, binti wa wafugaji wa Malambo, amenunua kikombe. Kizuri, cha plastiki, chenye masikio mawili. Shangazi Veronika alikuwa ameshanawa mikono na kukaa kwenye kiti cha mbele, maana kwa umri sasa yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Neema akaleta kikombe kwa mikono miwili, akaanza kupiga goti mbele yake.

Mama, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuinuka haraka, alinyoosha fimbo ikamzuia.

"Onja wewe, mwanangu. Nyumba ni yako."

"Wifi!" Shangazi akaruka. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ambayo hukuwepo," Mama akasema.

Neema akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akapiga funda. Kisha akamtemea mtoto, na maziwa yakamwagika mpaka kwenye soksi, mtoto akapiga kelele, watu wakacheka.

"Mengi mno," Mama akamwambia, akimfuta mtoto kwa ncha ya kanga. "Mtu hubariki, haogeshi."

Shangazi aliwaambia waliokaa karibu naye kwamba huyo ni Mama tu na maneno yake ya Kinyiramba, ya kwao Singida. Sikumsahihisha pale. Nilikwenda jikoni nikamletea mtoto maziwa mengine, kidogo, kiasi cha kulowesha kitako cha kikombe.